Upande wa Mkubwa

Hitoyoshi, 18 Aprili 1971

Mpwa wangu Orie,

Marahaba kwanza, maana najua tangu treni iondoke umekuwa ukiniamkia moyoni. Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako Sumiyo anakusalimu na anauliza kama yale matonge ya wali uliyala mwenyewe au uliwagawia wasafiri. Duka la kunyoa linaendelea. Wiki hii wamekuja wazee watupu, na mzee akija kwa kinyozi huja na habari nyingi kuliko nywele.

Babu yako mzima. Anakula machipukizi ya mianzi mpaka Sumiyo anaficha sufuria. Jana alishinda kwenye ukumbi wetu wa mazoezi akizipangusa panga za mbao, moja baada ya moja, na akimaliza anaanza upya.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Ulipanda treni umeinamisha kichwa kama mtu aliyefukuzwa. Hukufukuzwa. Mkono uliovunjika haushiki upanga, na kukaa bure kungekuuguza moyo. Watu wa kazi hii ya upanga tangu zamani hutembea wakiwa na umri wako: hupiga hodi kwenye kumbi za wenzao, hufagia, hutazama, huomba kufunzwa. Mama yako angekuwa hai angekusukuma yeye mwenyewe mpaka stesheni. Tembea, uone, mkono upone.

Usimwandikie Babu kwa sasa. Barua zinamchosha macho. Niandikie mimi, nitamsomea.

Mjomba wako,
Mitsugu

*

Kitakata, Aizu, 6 Juni 1971

Mjomba, shikamoo. Na mkaza mjomba shikamoo. Mwambie matonge niliyala yote, hata lile la plamu kali nisilolipenda. Nililia, nikala.

Mimi mzima. Mkono umetolewa plasta na umekuwa mwembamba kama wa mtu mwingine. Nimetembea kama ulivyosema. Fukuoka niliwatazama watu wa fimbo, wanapigana kimya utadhani wanafua nguo. Tsuwano niliwakuta wapiga mishale, mzee wao akaniambia nikae nitazame, nikakaa kutwa nzima, na jioni akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona miguu. Akacheka, akanipa chai na anwani ya huku.

Huku niko kwa Bi Hatsuyo Igarashi, mjane wa miaka sabini na ushei, anayefundisha upanga na ule mkuki wenye makali mapana ambao kwetu tunauona kwenye picha tu. Hakuniuliza nimetoka shule gani ya upanga. Aliniuliza kama najua kupalilia. Napalilia asubuhi, natazama mazoezi alasiri, na chakula ni samaki wakavu waliolowekwa kwenye siki, ambao mwanzoni nilidhani ni adhabu.

Mjomba, nina swali ambalo limenikaa kooni tangu Machi.

Funzo la tano unalijua kuliko mimi, lakini niache niliandike, labda nikiliona kwenye karatasi nitaliona kosa langu. Babu upande wa mkubwa, mimi upande wa mdogo. Mkubwa ndiye huanza: huinua upanga na kuushusha kichwani. Mdogo hukwepa hatua moja kulia, na kabla mkubwa hajajirudi, humkata kifundo cha mkono, upanga ukasimama unywele mmoja juu ya ngozi. Basi, mkubwa ameshindwa. Katika shule yetu mkubwa hushindwa kila funzo, kwa kuwa yeye ndiye anayejua, na anayejua ndiye anayeweza kuutoa mkono wake ukatwe ili mwenzake ajifunze. Nilipokuwa mtoto niliuliza kwa nini Babu hashindi hata mara moja, ukanijibu kwa maneno mawili: ukubwa jalala.

Siku ile ya Machi niliusikia mfupa wa mkono ukivunjika kabla sijaona kitu. Babu akasema, "Umechelewa," akaenda kunywa chai.

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Uliona. Je, nilichelewa? Funzo hilo nalifanya tangu nilipokuwa na miaka minane. Kama nimechelewa, basi sifai kuipokea shule yetu baada yako, na afadhali nijue mapema nikatafute kazi nyingine. Usinionee huruma, niambie tu.

Orie

*

Hitoyoshi, 25 Julai 1971

Mpwa wangu,

Niwie radhi kwa kukawia na kwa mwandiko huu. Nilipanda ngazi kukata matawi ya ule mti wa matunda ya kaki, ngazi ikaniangusha, na vidole vya mkono wa kulia vimevimba. Naandika kwa wa kushoto. Sumiyo anasema mwandiko umependeza kuliko zamani. Dukani ananyoa yeye, mimi nafagia. Bwana Kuranaga, yule muuza miso, viungo vya soya vya supu, ndiye aliyeng'ang'ania nimnyoe mimi kwa huo huo mkono wa kushoto, na sasa ana kitambaa sikioni na anawaambia watu amekwaruzwa na paka. Hana paka.

Mvua zimekatika na mto umerudi kwenye njia yake. Samaki ni wengi mwaka huu, ukipita darajani unasikia harufu ya kuchomwa. Babu yako mzima. Siku hizi anaamka mapema, anavaa nguo za mazoezi, ananiita ukumbini kabla sijanywa chai. Ana nguvu. Nguvu zake zinanishangaza.

Swali lako nimelisoma. Mambo ya ukumbini hayafai kwenye karatasi, tutaongea ukirudi. Lakini usiharakishe kurudi. Sikukuu hii ya wafu, Bon, usije, treni zitajaa watu. Mama yako tutamwashia taa sisi, hatapotea njia.

Babu amekwisha kumwambia kasisi wa hekalu kwamba sikukuu ya Oktoba yeye na mimi tutalitoa funzo la tano mbele ya mungu, kama kila mwaka. Njoo sikukuu ikishapita. Nakutumia soksi za Sumiyo, nasikia baridi ya huko ikianza haina adabu.

Mjomba wako

*

Kitakata, 20 Agosti 1971

Mjomba, shikamoo.

Soksi zimefika, nashukuru. Bon imepita. Nilimwashia mama taa kwenye mto wa watu wengine, katikati ya watu wanaoimba nyimbo nisizozijua, na nililia kwa hasira. Ni nani anamwambia mtoto asirudi nyumbani siku ambazo hata wafu wanarudi?

Sasa nitasema yote, na ukikasirika kasirika. Mti wa kaki hukatwa matawi wakati wa baridi. Ni wewe uliyenifundisha, ukanipiga kofi la kichwa nilipoushika msumeno mwezi wa Juni. Hukuanguka kwenye ngazi yoyote.

Wiki iliyopita Bi Hatsuyo alinipa upanga wa mbao kwa mara ya kwanza. Akasema nimwonyeshe nilivyopigwa, niwe Babu, na yeye awe mimi. Nikasimama upande wa mkubwa. Nikataka kuinua upanga, mikono ikakataa. Nikajaribu tena. Ndipo mwili ukakumbuka nilichokiona siku ile nikakipuuza: Babu hakuinua. Hakuushusha upanga kichwani kwangu. Alikwepa hatua moja kulia, akanikata kifundo.

Bi Hatsuyo akauweka upanga chini taratibu.

"Huo ni upande wa mdogo," akasema. "Babu yako alisimama kwa mkubwa, akacheza kwa mdogo. Wote wawili mlikuwa mnasubiri kushambuliwa, wote wawili mkakwepa, na upanga ukaukuta mkono mahali ambapo haukutakiwa kuwepo. Hakuna aliyechelewa hapo, mwanangu."

Kisha akaniuliza Babu ana umri gani, na kama anarudiarudia mambo. Nikakumbuka barua yako ya kwanza, zile panga anazozipangusa na kuanza upya. Akaniambia marehemu mume wake alianza hivyo hivyo. Kumbukumbu zilizoingia mwisho ndizo zinazotoka kwanza, na mwisho wake mtu anabaki na ujana wake tu. Babu hajioni mwalimu tena, mjomba. Anajiona mwanafunzi, na anayesimama mbele yake anamwona ni baba yake aliyemfundisha. Na wewe kila asubuhi unasimama upande wa mdogo, unakwepa kulia, unavunjwa vidole, unasingizia ngazi.

Ulinitoa nyumbani nisipigwe tena, hilo nimelielewa na nakushukuru. Lakini uliniacha nitembee nchi nzima nikiamini kwamba sifai. Hilo limeniuma kuliko mfupa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe unawanyoa watu wote wa mtaa, lakini kinyozi hajinyoi, basi niache nikuambie mimi. Bi Hatsuyo alihamia upande wa mkubwa, mume wake akawa anashinda kila siku mpaka alipofariki, na hakuna aliyeumia. Hama, mjomba. Simama upande wa mkubwa, umwache ashinde.

Orie

*

Hitoyoshi, 9 Septemba 1971

Orie,

Usinifundishe kumtunza baba yangu.

Hukuchelewa. Ulitaka neno hilo, lichukue. Nilipaswa kukupa siku ile ile mlangoni, lakini ningekuambia hukuchelewa wewe, ingenibidi niseme ni nani aliyekosea.

Hayo mengine ya Bi Hatsuyo ni mazuri kwa Bi Hatsuyo. Mke kumfanyia mume ni jambo moja. Babu yako alihamia upande wa mkubwa siku walipomzika baba yake, na baba yake vivyo hivyo. Hapa mjini hata mchuuzi wa tofu analijua hilo. Siku nitakayosimama pale yeye akiwa hai, nitakuwa nimemzika mbele ya majirani, naye amesimama anatazama. Mzee aliyenifundisha hata kufunga mkanda. Siwezi. Vidole vitapona.

Tena kuna asubuhi ananitambua. Ananiita Mitsugu, ananiuliza habari za duka, ananicheka kwa kunenepa. Akinikuta nimesimama mahali pake asubuhi kama hiyo, nitamwambia nini? Wewe mwenye majibu, nijibu hilo.

Sumiyo angekusalimu, ila hajui kama nimekuandikia.

M.

*

Kitakata, 24 Septemba 1971

Mjomba, shikamoo, na mpe salamu zangu mkaza mjomba, ambaye nina hakika anajua kila kitu, maana ndiye anayekuloweka vidole kwenye maji ya moto.

Mpunga wa huku umeanza kuwa wa njano na asubuhi naona pumzi yangu. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Swali lako sina jibu lake. Sijui utamwambia nini.

Lakini najua kitu kingine ambacho wote wawili tumekuwa tukikikwepa. Mbele ya hekalu hamshiki panga za mbao. Funzo la tano mbele ya mungu hufanywa kwa chuma chenye makali. Ni vidole gani vitapona hapo? Na kama siku hiyo yeye atateleza, upanga ukaenda shingoni? Siku inayofuata akili itamrudia, atauliza Mitsugu yuko wapi. Nani atamjibu?

Mimi pia nilikuficha jambo. Tangu Julai Bi Hatsuyo ameniomba nile kiapo cha shule yake. Hana mtoto wala mwanafunzi mwingine wa kuachia. Mtu hali viapo viwili, nikila hiki shule yetu imebaki na wewe tu, na baada yako basi. Kwa muda mrefu nilitaka kukubali, kwa sababu niliamini kwetu sifai. Nimemwomba anisubiri mpaka sikukuu ipite. Amenijibu kwamba magugu hayajaisha, nina muda.

Nakuja, mjomba. Nimekata tiketi. Kama wewe huwezi kusimama upande wa mkubwa, nitasimama mimi. Msichana wa miaka ishirini na mbili juu ya babu yake, mbele ya mji mzima. Waache wanicheke, wanitolee na nyimbo. Upanga ukinikata nitajua kwa nini umenikata.

Orie

*

(Simu ya maandishi, Hitoyoshi, 1 Oktoba 1971)

KAA HUKO. NITASIMAMA MIMI. SUMIYO ASEMA VAA SOKSI. MITSUGU

*

Hitoyoshi, 14 Oktoba 1971

Mpwa wangu Orie,

Marahaba. Wote tuko hai, nakuambia hilo kwanza ili usisome barua hii huku umeshika kifua. Umande umekuwa baridi, mti wa kaki umezaa mpaka matawi yanainama, na nakuahidi sitaugusa mpaka Januari. Duka nililifunga wiki nzima. Bwana Kuranaga ametembea na ndevu zake bila kulalamika, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Ulijua sitakuacha usimame pale. Una ukaidi wa mama yako, naye alikuwa akinishinda hivyo hivyo.

Asubuhi ya sikukuu Babu hakuvaa mwenyewe kama siku nyingine. Sumiyo alimvisha, akaachia avishwe. Njiani alinishika mkono kwenye ngazi za mawe, mimi nikaomba anitambue, kisha nikaomba asinitambue, sijui mungu wa pale alisikia lipi. Niliongea na kasisi pembeni. Nilidhani atanikatalia. Alinitazama vidole, akasema alikuwa anangoja tangu mwaka jana mtu wa nyumba yetu aje amwambie habari za Babu. Mwaka jana, Orie. Mimi nilidhani nimeficha.

Tulipoitwa tukaingia uwanjani. Unapajua mahali pale, mkubwa husimama mashariki, mdogo magharibi. Nimekwenda magharibi tangu nikiwa kijana. Safari hii nikageuka mashariki, na kelele za watu zikakatika, hata wauza pipi wakanyamaza. Nikamsikia mtu akisema "masikini." Sijui alimsema yeye au mimi. Nilitamani ardhi inimeze.

Babu akasimama katikati. Alinitazama nilipo, akatazama upande uliobaki. Nikasema moyoni, sasa atauliza. Hakuuliza. Akaenda magharibi kwa hatua nyepesi ambazo sijaziona miaka mingi, akatoa upanga, akangoja.

Nikainua. Nikaushusha kichwani kwake kwa ukweli wote, kwa sababu mkubwa akidanganya hapo mdogo hawezi kujifunza, na huo ndio ulikuwa ugumu, kumshushia baba yangu makali nikiamini kwamba hatakuwepo yatakapofika. Hakuwepo. Alikwepa kulia. Nikahisi ubaridi wa chuma juu ya kifundo changu, unywele mmoja, pengine pungufu. Haukunigusa. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Orie, nimelifanya funzo hili maisha yangu yote na sijawahi kuliona likiwa zuri namna ile. Anayajua. Mafunzo yote anayajua, ila sisi tu ndio ametusahau.

Tukarudi nyuma, tukainamiana. Unajua mdogo huinama zaidi. Baba yangu akainama mpaka nikaziona nywele za kisogoni nilizomkata mwenyewe Ijumaa. Alipoinuka, uso wake ulikuwa na wasiwasi wa mtoto. Akasema, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie:

"Nilichelewa, mwalimu?"

Vidole vyangu havijawahi kuniuma kama neno hilo. Nikafungua mdomo nimwite baba, nikakumbuka upande niliosimama.

"Hukuchelewa," nikamwambia.

Akatabasamu. Watu walikuwa wanalia, Sumiyo aliniambia baadaye, na hakuna aliyecheka. Mimi nililia nyumbani, nimekaa kwenye kiti changu cha wateja, na Sumiyo akaninyoa ili nipate sababu ya kufumba macho.

Tangu siku ile hanipigi. Kila asubuhi anakuja ukumbini, ananiamkia kwa adabu, anashinda, anafurahi, anakunywa chai. Siku ya kunitambua haijarudi. Ulisema hujui nitamwambia nini siku hiyo, na mimi bado sijui, lakini naingoja. Nikimsikia akitembea kwenye ubao wa nje bado nasikiliza kama ataniita Mitsugu.

Kuhusu kiapo, sitakushika mguu. Bi Hatsuyo amekulisha na amekuponya, nami nilikuficha. Amua wewe. Nakupa habari moja tu ya hapa nyumbani. Jana, baada ya mazoezi, Babu alinimiminia chai kama mwanafunzi anavyomfanyia mwalimu wake, akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia sina, ila nina mpwa, amesafiri, na siku moja aliambiwa amechelewa bila kosa lake.

Akalitua birika. Akasema, "Mwite arudi, mwalimu. Mimi nitamwomba radhi kwa niaba ya huyo aliyemwambia."

Mjomba wako,
Mitsugu